Ngazi Isiyo na Sita

10 Januari

Kwako Baba Chiriku,

Salamu kutoka kwa dada yako, tena salamu za mtu mwenye hasira kidogo. Simu yako naipiga mpaka yule mama wa "mteja hapatikani" tumezoeana, kilichobaki ni kuulizana habari za watoto. Nikasema basi, nitaandika. Barua huwezi kuikata katikati.

Huku tunasogeza siku. Shemeji yako mgongo unamsumbua, lakini ukimwambia apumzike ndipo anakumbuka kuhamisha kabati. Wapwa zako wamerefuka mpaka suruali za mwaka jana zimekuwa kaptura. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoliziba wewe, kwa hiyo kila mvua ikinyesha unasemwa.

Kuhusu lile lililotupata mwezi wa kumi na moja, mdogo wangu, nimeshika kalamu mara nyingi nikaishia kuandika tarehe tu. Pale makaburini tulipoachana hukunitazama, na mimi sikukulaumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini na mimi ni shangazi yake, na unajua alikuwa aje kukaa kwangu mwaka huu aanze shule. Nilishamwandalia nafasi yake darasani. Basi, nisiendelee, nitalowesha karatasi bure.

Neno lililonifanya niandike ni hili. Nimepewa tena darasa la kwanza, watoto zaidi ya sitini, chumba kilekile chenye madirisha mawili na mlango usiofunga vizuri. Wanakuja wakiimba moja mpaka mia bila kuvuta pumzi. Mwambie mmoja, "Niletee mawe saba," anakuletea konzi nzima, halafu anakutazama usoni aone kama umeridhika. Namba kwao ni wimbo tu. Nataka waishike mkononi, waione ina urefu na uzito. Nilianza na maharagwe, tukawa tunapanga vizuri kabisa, mpaka mmoja akaingiza harage puani na likakataa kutoka. Tulikwenda zahanati darasa zima, maana wengine ningewaacha na nani? Tangu siku hiyo mwalimu mkuu ananiita Mama Maharagwe, na kila akipita dirishani anauliza kama leo tunapika.

Sasa nataka vijiti. Vilevile nilivyokwambia umchongee mwanao, kila akitimiza mwaka kimoja: cha moja urefu wa kidole gumba chako, cha mbili vidole gumba viwili, na kuendelea mpaka kumi. Mtoto akivipanga kuanzia kifupi anapata ngazi, na anaona kwa macho yake kwamba kila namba ni ile iliyotangulia ikiongezwa moja. Nitumie seti moja kwanza.

Najua ninachoomba na najua ninamwomba nani. Lakini nasikia karakana umeifunga tangu msiba na unashinda umekaa unatazama ukuta. Fungua mlango, mdogo wangu. Hata kama ni kwa ajili yangu tu.

Msalimie wifi, mwambie namkumbuka kila siku.

Dada yako,
Mama Maharagwe


3 Februari

Dada,

Barua yako nimeipata. Sisi tupo. Wifi yako hajambo, anakusalimu. Mpe pole shemeji. Paa lile halikuvuja nilipoliziba mimi, waulize hao wapwa zangu ni nani alipanda juu kufuata mpira.

Vijiti nimemkabidhi dereva wa lori la mbao anayepita huko kwenu. Nimetumia mabaki ya kabati la mteja, mbao ni kavu, hazitajikunja. Rangi ni salama hata wakitia mdomoni, na najua watatia.

Jambo moja, dada. Lile jina uliloniita juu ya bahasha, tafadhali usiliandike tena. Aliyeleta barua alilisoma kwa sauti pale nje, watu wamekaa. Hapa nyumbani halitajwi. Nimewaambia majirani, nimemwambia na wifi yako. Ndivyo ninavyoweza kwa sasa.

Mdogo wako,
seremala


24 Februari

Kwako Fundi,

Haya, nimekuita Fundi, roho yako itulie. Salamu kwako na kwa wifi. Shemeji yako sasa analala sakafuni kwa ajili ya mgongo, na mimi kitanda chote changu, sina malalamiko. Wapwa zako wamekana habari ya mpira kwa pamoja na kwa maneno yaleyale, kwa hiyo umesema kweli.

Mzigo umefika. Mungu akubariki. Lakini nilifanya kosa la kuufungua mbele ya watoto, wakaruka kama bisi. Tukatandika mkeka, nikawaambia, "Tujenge ngazi." Moja, mbili, tatu, nne, tano, wanapanga huku wanashangilia. Halafu ikaja saba.

Nikatafuta ndani ya gunia, nikalikung'uta, nikamwuliza hata yule aliyekalia gunia. Sita haipo! Watoto wakaitazama ngazi, mmoja akasema, "Mwalimu, imevunjika hapa, mtu atateguka mguu." Ndugu yangu, ukitoka tano wewe unakwenda wapi? Wewe uliyekuwa ukipima kipande cha mkate kwa rula ili nisikupunje? Hesabu ya darasa la kwanza ikushinde na ndevu zote hizo?

Na si hilo tu. Kuna mchezo wetu tunauita marafiki wa kumi. Moja anamtafuta tisa, wakilala pamoja wanafikia urefu wa kumi. Mbili na nane, tatu na saba. Sasa nne anamtafuta nani? Sita hayupo. Nina mtoto mgeni kahamia juzi, msichana, nimempa jina Bi Kwanini kwa sababu hana neno jingine. Kaona wenzake wote wamepanga marafiki, nne kabaki peke yake pembeni ya mkeka. Akamchukua akamweka mapajani. "Huyu nitakaa naye mimi," anasema. Mchezo ulipokwisha nilimwomba anirudishie, akasema bado analia.

Halafu pembe zako zimekwenda upande, kama zilizokatwa na mtu anayeendesha baiskeli. Kumi imepinda kabisa. Mwalimu mkuu kainua tano, kaitazama kwa jicho moja, kaniambia, "Huyu ndiye fundi uliyemsifia mwaka mzima?" Nimeona aibu kwa niaba yako.

Nitumie seti ya pili, iliyonyooka, na sita mbili.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa. Sita ilikuwa na fundo la mbao katikati, ikapasuka nilipokuwa naikata. Mambo ya mbao hayo. Pembe ni msumeno, unahitaji kunolewa.

Nimetuma seti ya pili kwa dereva yuleyule.

Wifi yako amekwenda kwao kumsalimia mama yake. Mimi mzima. Mteja wa kabati amelalamika mlango haufungi, nitakwenda kuutazama.

Mdogo wako,
seremala


8 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nyumbani kwangu wote wazima, hata mgongo umetulia. Nisikuchoshe na habari za paa.

Seti ya pili imefika. Safari hii nilijifunza, nikaifungua peke yangu baada ya watoto kuondoka, mlango nimeukinga kwa kiti. Nikapanga mkekani. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Saba.

Nilikuwa na maneno yako tayari, tena makali. Nilishayapanga ulimini kabla sijainuka kutafuta kalamu. Lakini nikabaki nimekaa pale chini, nikaweka mkono kwenye ile nafasi kati ya tano na saba, ndipo nikahesabu. Mtoto wetu alikuwa atimize sita mwezi wa kumi na mbili. Nimekaa na vijiti hivi tangu Februari, nimekucheka, nimekuaibisha, na mimi ndiye niliyekufundisha kumhesabia miaka yake kwa mbao! Mtu mzima, mwalimu, sikuona. Nisamehe, mdogo wangu. Ya sita sitakuuliza tena.

Na wala usidhani darasa limekwama. Kesho yake Bi Kwanini alichukua tano akaichomeka mahali pake, akachukua moja akaiweka mbele yake, kichwa kwa kichwa. Akarudi nyuma akatazama. "Mwalimu, mbona inatosha?" Wenzake wakamvamia. Mmoja akaleta nne na mbili, inatosha. Mwingine akanyakua tatu kutoka seti ya pili, tatu na tatu, inatosha! Walipiga kelele mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia. Jambo hilo huwa nalifundisha muhula mzima na wengine hawalipati, lakini hawa wamelipata wenyewe kwa sababu palikuwa na pengo na walitaka ngazi yao ipite. Tano na moja wameifunga pamoja kwa utepe wa nguo. Hiyo ndiyo sita yetu. Nne kapata rafiki, ingawa ni rafiki aliyefungwa bandeji.

Darasa linakwenda. Ninayemwogopea ni wewe.

Nina swali moja, na silo ulilolizoea. Baba yetu alikufundisha kubana mbao kabla hujajua kufunga vifungo vya shati. "Mbao isiyobanwa itakudanganya," ulikuwa unaimba maneno hayo ukila, ukioga. Vijiti hivi vimepinda vyote ishirini kasoro sita zako mbili, na si msumeno, msumeno mbovu unachana, haupindi. Hivi vimekatwa vikiwa havikubanwa. Lile jiliwa la kubania kwenye meza yako ya kazi, lile la baba, lina nini?

Dada yako anayekupenda, hata akikusema


30 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Miezi miwili na zaidi sijapata hata mstari wako. Dereva wa lori nimemwuliza, anasema karakana anaikuta wazi na wewe umo, lakini huongei, unapakia tu. Basi na mimi nilinyamaza, nikajiambia nimpe nafasi. Kumbe kunyamaza ndiyo ugonjwa wenyewe.

Wifi alikuja wiki iliyopita. Alikaa kwenye stuli ya jikoni, chai ikapoa mbele yake mpaka ikafanya utando. Kumbe hakwenda kusalimia. Amehama, na ulijua, na ukaniandikia vile. Nikamwuliza, "Mmegombana?" Akasema, "Laiti tungegombana, wifi." Akaniambia, "Tangu mtoto aanze kuongea mimi naitwa Mama Chiriku. Sokoni, kisimani, hata ndani kwangu. Sasa mume wangu ananiita wewe. Wewe, chai. Wewe, funga mlango. Mtoto amenifia, na jina langu kalizika naye." Hakulia, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alikuwa na mkoba mdogo, akanionyesha, ndani mna vile vijiti vitano vya mtoto. Anavibeba kila aendako.

Nimemsikiliza, nikataka nipande gari siku ileile nije nikutie makofi. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi ninalo jambo ambalo sijakwambia, tena linanitazama kila asubuhi.

Darasani kwangu kila mtoto ana msumari wake ukutani wa kutundika mkoba. Juu ya msumari nimechora picha, maana hawajajua kusoma majina: samaki, kikombe, jua, kiatu. Mwaka jana, kabla habari haijanifikia, nilishachora ndege mdogo wa manjano na kumpigia msumari wake, chini kidogo kuliko mingine, kwa sababu najua kimo chake. Nilipokwambia nimemwandalia nafasi, nilimaanisha huo. Shule ilipofunguliwa nilikwenda na koleo niung'oe. Nikaushika, nikarudisha koleo mfukoni. Upo mpaka leo, hauna mkoba.

Bi Kwanini alipohamia misumari ilikuwa imekwisha, kwa hiyo anatundika mkoba wake kwenye kitasa cha mlango, na mlango wenyewe unaujua, kila ukisukumwa na upepo mkoba unaanguka na uji wake unamwagika. Wiki iliyopita akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini yule ndege hana mkoba?" Nikamwambia ni wa mwenzenu, bado hajafika. Akauliza, "Atafika lini?" Nikajifanya chaki imeniingia jichoni. Nimemdanganya mtoto, mimi ninayewapiga marufuku kusema saba kama hawajahesabu. Na tangu siku hiyo kila asubuhi anachungulia mlangoni, anasema, "Leo pia hajafika." Siwezi, mdogo wangu. Nakwambia kweli, siwezi tena.

Msumari ule ni wa Chiriku. Nimeandika jina lake na sitalifuta, unaniwia radhi au huniwii. Sina haki ya kuugawa bila neno la baba yake. Niambie, nimpe huyu mtoto au nisimpe? Ukisema nisimpe, nitapiga msumari mwingine mahali pengine na ule utabaki hivyo hata miaka kumi. Lakini useme. Wazee walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Wifi anakungoja, mimi nakungoja, hata hao majirani uliowafunga midomo wanakungoja. Hakuna atakayeanza kabla yako.

Dada yako


19 Julai

Dada,

Salamu za heshima kwako, kwa shemeji na kwa wapwa. Nimefurahi kusikia mgongo umetulia. Nimeandika barua hii mara kadhaa na kila mara nikaishia kwenye mgongo wa shemeji. Leo nitajaribu kupita hapo.

Uliniuliza jiliwa lina nini. Lina sita.

Siku ile asubuhi mtoto hakuja karakanani. Unajua alivyozoea, nikishika randa na yeye yuko chini ya meza anaokota maranda, anajitundikia masikioni, anasema ni nywele zake za kutokea. Mama yake akaniambia ana homa kidogo, amelala. Nikasema basi nimalizie kijiti chake nikampe kitandani, siku yake ilikuwa karibu na hakuwa na subira, kila siku ananiuliza sita itaota lini. Upande mmoja nilishauranda. Nikakigeuza, nikakaza jiliwa, nikaanza upande wa pili. Nilikuwa katikati ya kijiti wakaja kuniita. Niliacha randa palepale juu ya meza nikakimbia. Yaliyofuata unayajua.

Niliporudi karakanani baada ya msiba nilikikuta kimebanwa vilevile. Dada, mkono haukufika kwenye ule mpini. Nilijiambia kesho. Ulipoandika unataka vijiti niliona nitaweza, kumbe naweza kila kitu isipokuwa hicho. Vijiti vyako vyote nilivikata nimevibana kwa goti, kama mwanafunzi. Kila nikimaliza tano nilikata mbao ya sita, nikaishika, nikaona sasa nachonga sita ya watu na yake haijaisha. Nikaitupa kwenye mabaki. Halikuwa fundo la mbao wala msumeno. Nilikudanganya.

Na lile jina nilidhani nikilinyamazia litapungua ukali. Mtu akisema "Baba Chiriku" nilikuwa nageuka haraka kutazama nyuma yangu kama anakuja. Nilichoka kugeuka. Sikujua kwamba nikikataa kuitwa mimi, namnyang'anya na mwenzangu lake. Hilo sikuliona kabisa mpaka uliponiandikia maneno yake.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwao. Mama mkwe alinipa kiti pale nje, akaingia ndani, akatuachia uwanja. Mwenzangu alikuwa nyuma ya nyumba anafua, nasikia maji. Nilikuwa nimetunga hotuba njiani, yote ikayeyuka. Nilikaa mpaka kivuli cha ukuta kikanifika magotini. Halafu nikaita tu, "Mama Chiriku."

Maji yakanyamaza. Akatokea na povu mpaka kwenye viwiko. Akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Dada, sijui niliyasema maneno yale mara ngapi, maana sauti haikuwa yangu tena, nililia pale mbele ya nyumba ya wakwe na watu wanapita njiani, mwanamume mzima, kamasi mpaka kwenye ndevu. Yeye akalia pia. Mama mkwe ndani akaanza, na jirani yao akaitikia. Kilio cha mwaka jana tumekilia Jumapili.

Aliniambia nimpeleke karakanani. Aliona jiliwa, akaona vumbi lililolala juu ya kijiti, akalifuta kwa kanga yake. Nikashika mpini. Ulikuwa umeshika kutu, au mkono wangu ndio ulikuwa hauna nguvu. Akaweka mkono wake juu ya wangu tukazungusha pamoja. Kijiti kikalegea, akakidaka kabla hakijagusa meza. Alitoa vile vitano mkobani mwake tukapanga pale juu ya meza, na sita juu yake. Tulisimama tukatazama tu. Mtoto alikuwa amepungukiwa na wiki chache tu.

Usifurahi sana, dada. Jioni alirudi kwao. Amesema atakuja, hakusema lini, na mimi sikumwuliza. Jumapili nitakwenda tena. Vile vitano ameondoka navyo.

Sasa msumari. Mpe huyo mtoto. Uji wake usiendelee kumwagika kwa ajili yetu. Lakini akikuuliza tena habari za yule ndege, usimwambie hajafika, atamngoja bure, na kungoja nakujua mimi. Mwambie msumari ulikuwa wa Chiriku, mtoto wa mdogo wako. Mwambie alikuwa anaongea kuliko redio, kwamba aliwahi kumwuliza mteja wangu kama tumbo lake ni la kukodi, na kwamba alikufa. Atakuuliza kwa nini. Mwambie hata baba yake hajui.

Ndani ya mzigo huu utakuta sita tatu. Mbili nimezichonga juzi, nimezibana, pima kwa rula uone. Hizo paka rangi upendayo, na ule utepe wafungulie, tano na moja wapumzike. Ya tatu ndiyo ile yake. Tumekubaliana, mimi na mama yake, kwamba mahali ilipokuwa iende pamoja naye ni darasani kwako, basi iende. Upande mmoja ni laini, wa pili unakwaruza kuanzia katikati mpaka mwisho. Mama yake alichukua msasa, akautazama, akaurudisha mahali pake. Tumeiacha ilipoachwa. Tafadhali usiipige msasa na usiipake rangi. Wape watoto waishike hivyo hivyo, angalia tu isiwachome. Wako sitini, mikono yao itailainisha polepole.

Na nne usimsahau. Mwambie rafiki yake amefika.

Mdogo wako,
Baba Chiriku